Namna ya Kuingia Katika Utafiti wa Nadharia ya Kompyuta na Kwantamu Ukianzia Mwanza

Mwanafunzi wa Nyegezi au Igoma anayetaka kuwa mtafiti wa nadharia ya kompyuta asihangaike kutafuta mashine ya kwantamu, yaani kompyuta inayotumia kanuni za fizikia ya chembe ndogo sana, kwani sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa kalamu, karatasi na uthibitisho. Aliyesoma tahasusi ya PCM ameshakutana na vekta, namba changamano na mantiki. Aongeze aljebra ya mstari, nadharia ya uwezekano, na somo la ugumu wa ukokotoaji, lenye swali la P na NP (je, kila tatizo ambalo jibu lake hukaguliwa haraka linaweza pia kutatuliwa haraka?) ambalo Stephen Cook aliliweka wazi mwaka 1971 na ambalo hadi leo halijapata jibu.

Jipime kwa zoezi hili. Kyubiti, yaani biti ya kwantamu, iliyoanza na 0 ikipita kwenye lango la Hadamard, yaani hatua inayoiweka katika mchanganyiko sawa wa 0 na 1, kisha ukaipima, utapata 0 au 1, nusu kwa nusu. Ipitishe langoni mara mbili kabla ya kuipima, nawe utapata 0 kwa uhakika, kwa kuwa njia mbili zinazofika kwenye 1 zina alama zinazopingana, moja ya kujumlisha na nyingine ya kutoa, hivyo hufutana. Likokotoe kwa mkono, kwa matriksi ya mbili kwa mbili. Asiyeweza kulieleza ataikariri algorithimu ya Shor ya mwaka 1994, ile ya kwantamu ya kutafuta vigawo vya namba kubwa, kama kasuku.

Programu zije baadaye. Qiskit, programu ya kuunda na kuiga saketi za kwantamu, ni ya bure, na lapitopu yenye memori ya GB 8 huiga kyubiti 25 bila shida, maana namba 33,554,432 zinazohitajika, kila moja ikichukua baiti 16, hula MB 512 tu. Makala za utafiti zimo arXiv, hazina ya makala mtandaoni, nazo hazilipiwi. Zipakue nyingi siku yenye bando.

Kwa uzamili, tazama AIMS (Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati) iliyoko Kigali, kisha stashahada ya uzamili ya ICTP (Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia) huko Trieste, Italia. Fahamu pia kwamba katika fani hii majina ya waandishi hupangwa kialfabeti, na kwamba mikutano kama STOC na FOCS huheshimiwa hata kuliko majarida mengi.

Maombi ya uzamivu ya vyuo vingi vya Marekani hufungwa Desemba. Waombe wahadhiri barua za mapendekezo mwezi Septemba, ukiwapelekea uthibitisho mmoja uliouandika mwenyewe, ili wawe na jambo mahususi la kusema zaidi ya alama zako.