Kabla hujawasha bomba la salfa, muandae kwanza anayelibeba

Msimu wa kupuliza mikorosho ukifika huku kwetu kusini mwa Tanzania, kuanzia Newala, Tandahimba na Masasi mpaka Ruangwa na Nachingwea, kila mtu anawaza ubwiriubwiri, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, unga wa salfa wa kuuzuia umefika AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au bado, petroli bei gani, kijana wa kubeba bomba la mota la kupulizia anataka shilingi ngapi, ila barakoa na miwani haviingii kabisa kwenye hesabu. Naomba viingie siku ileile unayoenda kuchukua mifuko, maana anayetembea ndani ya lile vumbi asubuhi nzima ni mtoto wa mtu.

Tuanze na pua. Kitambaa au kipande cha kitenge hakizuii salfa, unga wake ni mwembamba unapita kwenye nyuzi, na zile barakoa za bluu za hospitali zinaacha uwazi pembeni. Tafuta ya vumbi iliyoandikwa N95 au FFP2. Akishaivaa mwambie aweke viganja viwili juu yake apumue kwa nguvu, akisikia hewa inatokea pembeni ya pua basi abane ule waya vizuri arudie tena. Mwenye ndevu nyingi haitamkaa sawa, bora anyoe. Ikilowa jasho au kupumua kukiwa kuzito, mpe nyingine. Kama unapuliza dawa ya maji hiyo barakoa haitoshi, inatakiwa ile ya mpira yenye vichujio vya kemikali, na glavu ziwe za mpira maana za kitambaa zinanyonya dawa zinaikalisha kwenye ngozi.

Miwani iwe inayofunika mpaka pembeni, ya jua haisaidii. Shati la mikono mirefu lifungwe mpaka kola, alafu suruali ishuke nje ya gambuti, sio kuchomekwa ndani, ukichomeka unga wote unateremkia mguuni. Salfa ikikutana na jasho inawasha vibaya sana, hasa shingoni na pale mikanda ya bomba inapobana mabegani. Masikio pia yazibwe, ile mota inapiga kelele karibu kabisa na kichwa.

Sasa upepo. Tunapuliza alfajiri kwasababu umande unashika unga na upepo umetulia, lakini miezi hii kusi ikianza kuvuma usibishane nayo. Anza upande ule vumbi linakoelekea, piga mstari kwa kukatiza upepo, ukimaliza mstari sogea kuelekea upepo unakotoka, hivyo wingu linabaki kwenye miti uliyokwisha kupuliza. Ukifanya kinyume unalifuata vumbi lako mwenyewe. Upepo ukizidi zima, mtaendelea kesho. Na wapokezane bomba, mtu mmoja asilibebe asubuhi yote.

Salfa inashika moto, kwaiyo hakuna sigara karibu, na petroli inaongezwa mota ikiwa imezimwa na imepoa.

Kuna hili la maziwa, wengi wanaamini ukinywa kikombe baada ya kazi yanasafisha kifua. Njomba, maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, hayakutani! Hiyo hela nunulia barakoa. Kinachotakiwa shambani ni maji safi na sabuni, najua Newala maji ni shida lakini ndoo itangulie kabla ya bomba. Salfa ikiingia jichoni asifikiche, amwagiwe maji taratibu dakika 15. Asile wala kuvuta kabla hajanawa.

Mwenye pumu asiguse kazi hii kabisa, na watoto wasikae shambani wakati wa kupuliza. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na dumu la dawa likiisha litobolewe, lisije likawa la maji ya kunywa nyumbani.

Wewe unayeajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakutaka umpe mfanyakazi vifaa vya kinga, usimkate kwenye malipo yake. Waajiri wa Tanzania Bara wanatakiwa pia kujisajili WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaolipa fidia kwa ajali na hata magonjwa yanayotokana na kazi.

Mtu akianza kubanwa kifua, kizunguzungu au kutapika mtoe kwenye vumbi, mvue nguo za kazi, mnawishe, alafu mkimbize zahanati, na mfuko au chupa ya dawa yenye lebo nenda nayo ili mganga aone amevuta nini.