Kuchaji Simu Bila Waya: Fuata Umeme kutoka kwenye Soketi hadi kwenye Betri

Simu nyingi zinazoletwa mezani kwangu kwa malalamiko kwamba hazichaji bila waya huwa hazina hitilafu yoyote. Zimelazwa kando ya pedi, yaani kile kibao cha kuchajia, badala ya katikati, zimevishwa kava lenye chuma, au pedi yenyewe imechomekwa kwenye adapta isiyo na nguvu ya kutosha. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa kufuata njia ambayo umeme wenyewe hupita, ili ujue cha kufanya na pia sababu ya kukifanya.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba simu ina koili ya kupokea

Angalia katika maelezo ya simu kama inakubali mfumo wa Qi, unaotamkwa "chi", ambao ndio unaotumiwa na simu nyingi zinazochajiwa kwa njia hii. Simu yenye mgongo wa chuma kitupu karibu kila mara haina uwezo huo, na ndiyo sababu simu zinazochajiwa bila waya huwa na mgongo wa kioo au plastiki. Ukiufungua mgongo huo, utakuta koili yenyewe, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa bapa kama gamba la konokono, na nyuma yake karatasi nyeusi ya feraiti, kitu kinachoelekeza nguvu ya sumaku. Usiidharau karatasi hiyo: ndiyo inayouzuia uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayoenea kutoka kwenye pedi, usipenye hadi kwenye betri na vyuma vingine vya ndani na kuvipasha moto.

Hatua ya 2: Chagua adapta inayoitosheleza pedi

Sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto, kwa hiyo pedi huhitaji kuingiza wati nyingi kuliko zile inazotoa. Pedi ya wati 15 kwa kawaida hutaka adapta ya wati 18 au 20. Ukiichomeka kwenye adapta kuukuu ya wati 5, au kwenye tundu la USB la kompyuta, itachaji kwa kusuasua au taa yake itamweka tu bila kufanya kazi. Soma maandishi madogo yaliyo kwenye adapta, kisha zidisha volti kwa ampea: volti 9 mara ampea 2 ni wati 18.

Hatua ya 3: Laza simu katikati ya pedi

Hapa ndipo penye siri yote. Pedi hupokea mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye adapta na kuugeuza kuwa mkondo geu unaobadili mwelekeo zaidi ya mara laki moja kila sekunde. Mkondo huo, ukipita katika koili ya pedi, huzalisha uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi ile ile, na uga unaobadilika ukiipita koili nyingine huamsha umeme ndani yake, jambo ambalo Michael Faraday alilionyesha mwaka 1831. Neno la kushika hapo ni "unaobadilika". Sumaku iliyotulia haichaji chochote, na zile sumaku zilizopangwa kwa duara kwenye simu za MagSafe (mfumo wa Apple) na vifaa vya Qi2 (toleo jipya la Qi) kazi yake ni kuzivuta koili mbili zikae uso kwa uso, basi.

Kabla ya kutoa nguvu kamili, pedi hupiga hodi kwa kutuma umeme kidogo. Simu, ikishapata uhai kutokana na umeme huo, hujibu kwa kuongeza na kupunguza mzigo kwenye koili yake, na pedi huyahisi mabadiliko hayo kama mtu aliyeshika kamba anavyohisi mwenzake akiivuta upande wa pili. Tangu hapo simu ndiyo inayoamuru: huiambia pedi mara kadhaa kwa sekunde iongeze au ipunguze nguvu. Pasipo jibu, pedi haitoi nguvu, na kwa hiyo ukiweka mkono wako juu yake hakuna kinachotokea.

Uga huo hudhoofika haraka mno kwa umbali. Koili zikipishana sentimita moja hivi, simu huweza kuonyesha kwamba inachaji huku asilimia zikipanda kwa shida, nayo pedi ikilazimika kusukuma nguvu zaidi na kuongeza joto. Ilaze simu, isogeze taratibu huku na huku hadi alama ya kuchaji itokee, kisha endelea kuisogeza mpaka ujue alama inapotea wapi kila upande. Katikati ya mipaka hiyo ndipo mahali pake.

Hatua ya 4: Ondoa kila chuma kilicho kati ya pedi na simu

Kava la plastiki au mpira lenye unene wa milimita 3 au pungufu kwa kawaida halina tatizo. Pete ya kushikia simu, bamba la chuma la kuinasa kwenye gari, sarafu au kipande cha karatasi ya aluminiamu ni mambo mengine kabisa, kwa sababu uga huzungusha mikondo ndani ya chuma hicho na kukipasha moto. Pedi nzuri hulinganisha nguvu inayotoa na ile ambayo simu inasema imepokea, na tofauti ikizidi hukata umeme. Kadi ya benki nayo usiiache ndani ya kava, kwani chipu yake inaweza kuharibika.

Hatua ya 5: Chunga joto

Hata mambo yakienda vizuri, robo hivi ya umeme unaotoka ukutani huweza kuishia kuwa joto, na betri za lithiamu huchakaa haraka zaidi zinapochajiwa zikiwa za moto. Ndiyo maana simu hupunguza kasi ikipata joto, na nyingine husimama kwenye asilimia 80 hadi zipoe. Usiichajie juani wala chini ya mto, na ukiwa na haraka au unataka kutazama video ndefu, mimi ningekushauri utumie waya.

Hatua ya 6: Badilisha kimoja kimoja

Ikiwa bado haichaji, jaribu simu nyingine kwenye pedi hiyo hiyo, kisha simu yako kwenye pedi nyingine. Pedi ikishindwa kuzichaji simu zote mbili, badilisha adapta na waya wake kabla ya kuitupa. Simu ikigoma kwenye kila pedi ilhali kwa waya inachaji, jiulize kama iliwahi kufunguliwa. Kioo cha nyuma kinapobadilishwa, koili huweza kuchanika au kiunganishi chake kuachwa bila kubanwa sawasawa, kwa hiyo mweleze fundi historia hiyo tangu mwanzo ili aanzie hapo.