Punda wa Dobi au Fumo Liongo: Namna ya Kuchagua Ngano ya Kusimulia Upya

Mwandishi anayetaka kuisimulia upya ngano ya kale kwa ubunifu wake mwenyewe huanza na ile aipendayo kuliko zote, nami naona hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Ngano unayoipenda imekwisha kukutosheleza, na ukishika kalamu utajikuta unaisifu. Itafute ile inayokukera, iliyokuachia swali ambalo msimulizi hakulijibu na ambalo limekuganda kichwani tangu ulipoisikia.

Tuchukue habari za Fumo Liongo, shujaa na malenga wa pwani ya kaskazini ya Kenya, ambaye Muhamadi Kijuma wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913. Liongo hafi kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Maadui wanamrubuni mwanawe aiulize siri hiyo. Liongo anaitoa, na kijana anamchoma baba yake akiwa usingizini. Wengi wanaotaka kuisimulia upya hukimbilia kifo chenyewe: shujaa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Ni picha iliyokamilika, na sioni utaiongezea nini. Swali limejificha nyuma yake kidogo. Mtu aliyekuwa na werevu wa kutoroka gerezani kwa shairi aliwezaje kumwambia kijana, aliyemjia na swali la ajabu kiasi hicho, mahali hasa pa kuchoma? Je, alikuwa amechoka kuwindwa, au alitaka kujua kama mwanawe angethubutu? Ukiona majibu mawili yanagombana ndani yako na hakuna linaloshinda, basi umepata ngano ya kuandika.

Ikiwa swali hilo halikugusi, rudi gerezani. Liongo alimtuma kijakazi kwa mama yake na beti zilizomwomba aoke mkate wa wishwa, aufiche tupa ndani. Walinzi walizoea kukipokonya chakula kizuri na kumwachia mfungwa makapi. Hivyo mkate ule mbaya ukamfikia, naye akakata minyororo huku ngoma ya gungu ikirindima nje. Mtazame huyo kijakazi kwa karibu. Amebeba kichwani maneno ambayo walinzi wanayasikia bila kuyaelewa, na mikononi amebeba chuma ambacho kikigunduliwa, wa kwanza kuadhibiwa ni yeye. Hata hivyo, masimulizi yanampa nafasi finyu kabisa. Mhusika aliyetwishwa kazi kubwa na kupewa maneno machache ndiye mlango mwema kwa mwandishi mpya, na ngano isiyo na mtu wa namna hiyo mara nyingi hukataa kufunguka.

Kwa anayeanza, lakini, ningeshauri ngano fupi zaidi, tena yenye matoleo ambayo unaweza kuyalinganisha. Kisa cha punda wa dobi, kilichokusanywa Unguja na mmisionari Mwingereza Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870, kinamfaa sana. Papa anamchukua rafiki yake kima mgongoni kuelekea kwao, kisha wakiwa katikati ya bahari anamfichulia kwamba sultani wa papa anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini, na akisharudishwa huko anakataa kushuka, akimsimulia papa habari za punda wa dobi. Kisa hicho kina ndugu yake katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8 na ambacho asili yake ni India. Huko rafiki wa kima ni kasa, na anayejifanya mgonjwa ni mke wa kasa. Linganisha uone: wivu wa nyumbani umegeuka amri ya mtawala, na papa amekuwa raia asiyeweza kukataa. Mabadiliko ya aina hii ndiyo ya kujifunza. Kumvika kima suruali ya jinzi na kumpa simu ya mkononi hakubadilishi kitu, kwa sababu hakumgusi mtu yeyote pale anapoumia.

Kuhusu haki, jambo ni jepesi: kisa ni cha wote, bali maneno ya mwandishi aliye hai au aliyefariki karibuni ni yake, kwa hiyo usinakili beti wala sentensi zake.

Kabla ya kuandika, isimulie ngano kwa mdomo, bila karatasi, kwa mtu asiyeogopa kukukatiza. Mimi nilimsimulia mpwa wangu kisa cha punda huyo tukiwa tunamenya viazi jikoni. Nilifika pale punda alipomtoroka dobi na kunenepa mwituni, nikaendelea hadi sungura alipomrubuni mara mbili na simba akamuua, hadi sungura alipokula moyo na masikio yake kisha akadai kwamba mnyama huyo hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Nilingoja acheke. Mtoto akaweka kisu chini, akaniuliza, “Mjomba, na yule dobi alizibebaje nguo?” Nimekisoma kisa hicho kwa miaka mingi na sikuwahi kumfikiria mtu huyo, amesimama mtoni jioni na furushi la nguo mbichi za watu, akiangalia kamba tupu.