Kuanza na Swarm ughaibuni: piga hodi kwa ajili yako kwanza

Fomu ya kuomba uraia wa Uingereza ina jedwali moja linalowatoa watu jasho. Unatakiwa uorodheshe safari zako zote za nje ya nchi kwa miaka 5 iliyopita: siku uliyoondoka, siku uliyorudi, ulikwenda wapi. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nikafungua pasipoti, nikakuta muhuri wa Zanzibar umepigwa juu ya muhuri wa Dar, na wino wa mmoja umefifia kama chai ya mara ya tatu. Safari mbili za mwanzo zilikuwa kwenye pasipoti ya zamani, ile niliyoirudisha tulipohamia za kielektroniki. Na Uingereza haimpigii mtu muhuri anapotoka.

Kilichoniokoa ni programu ambayo wenzangu kazini walinicheka kwa kuitumia. Inaitwa Swarm. Kila ukifika mahali, unaifungua, unachagua jina la mahali hapo kwenye orodha, unabonyeza, basi. Wengine husema kuchekini. Mimi husema kupiga hodi, maana ndicho unachofanya hasa: unafika, unatoa sauti kwamba umefika. Miaka ya hodi zangu ilikuwa imekaa pale na tarehe zake, Heathrow, Abeid Amani Karume, Heathrow tena. Jedwali nikalijaza siku hiyo hiyo kabla ya kwenda zamu.

Historia yake kwa ufupi, ili usipakue kitu kingine. Mwanzilishi wake, Dennis Crowley, alianza na programu iitwayo Dodgeball, ya kuwajulisha marafiki ulipo kwa ujumbe mfupi wa simu. Google wakainunua mwaka 2005, wakaifunga mwaka 2009. Mwaka huo huo yeye na Naveen Selvadurai wakazindua Foursquare kwenye tamasha la SXSW mjini Austin, Marekani. Mwaka 2014 waliigawa: mambo ya kupiga hodi yakahamia Swarm, na Foursquare yenyewe ikabaki mwongozo wa migahawa na maduka. Programu ya mwongozo huo ilifungwa Desemba 2024. Kwa hiyo rafiki akikwambia "Foursquare si ilikufa?", mwambie ndugu yake yuko hai. Dukani kwenye simu yako tafuta Foursquare Swarm, ya iPhone au ya Android, na hulipi kitu kuanza.

Jisajili kwa barua pepe. Usiiegemeze akaunti kwenye namba ya nyumbani. Laini ikikaa muda bila kutumika hufungwa na kupewa mtu mwingine, kisha siku umesahau neno la siri utabaki mlangoni.

Baada ya hapo simu itakuuliza maswali mawili matatu, na hapa usibonyeze tu kwa haraka za kutaka kuingia. La kwanza ni kuhusu mahali ulipo: iruhusiwe kuona siku zote, au pale tu unapoitumia? Chagua pale unapoitumia. Ukiiruhusu siku zote, itakuwa ikinusa hata sehemu ulizopita bila kupiga hodi, na usisahau biashara ya wenye nayo ni nini. Kampuni ya Foursquare huuza maarifa kuhusu nyendo za watu. Mwaka 2016 mkuu wake wakati huo, Jeff Glueck, alitazama hodi na nyendo za wateja wa migahawa ya Chipotle kule Marekani, akatangaza kwamba mauzo ya robo ya kwanza kwenye matawi yake ya zamani yangeshuka kwa karibu asilimia 30. Chipotle wenyewe walipotoa hesabu, ikawa asilimia 29.7. Nyayo zetu ndizo mtaji wao. Mimi nimekubali mabadilishano hayo kwa sababu napata kitu ninachokihitaji, ila nawapa kiasi ninachotaka mimi.

Swali la pili ni kama ipekue namba zote za simuni kukutafutia marafiki. Kataa. Namba zako zina mwajiri, wakili wa uhamiaji, mwenye nyumba, na yule bwana wa chama cha kuzikana anayejua mambo ya kila mtu. Anza na marafiki watatu au wanne ambao ungewapa ufunguo wa nyumba yako. Mimi kwa miezi sita ya kwanza sikuwa na rafiki hata mmoja mle ndani, na sikupungukiwa na lolote.

Unapopiga hodi utaona alama ya kufuli. Ukiigusa, hodi hiyo inabaki yako peke yako: inaingia kwenye kumbukumbu, marafiki hawaioni. Nakushauri uanze na kufuli kwa kila kitu, kisha ulegeze polepole ukishaizoea. Halafu pita kwenye mipangilio uangalie kama rafiki anaweza kukupigia hodi wewe pia mkiwa pamoja. Hilo lizime. Shangazi yangu mmoja alishapata kujua kwamba niko Dar kabla sijamaliza kutoa mizigo uwanja wa ndege, na nilikuwa nimepanga kumfikia siku ya tatu. Kesi yake bado inaendelea.

Sasa, hodi zipi ni za lazima? Uwanja wa ndege unapoondoka na unapotua, kwenda na kurudi. Bandarini na stesheni ya treni pia, ukivuka mpaka. Uingereza inahesabu siku kamili ulizokuwa nje. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazimo kwenye hesabu. Kwa njia ya kawaida usizidishe siku 450 katika miaka 5, wala 90 katika miezi 12 ya mwisho. Tena kuna sharti linalowanasa wengi: ile siku ya kwanza kabisa ya miaka hiyo 5 unatakiwa uwe ulikuwa ndani ya nchi. Nani anakumbuka alikuwa wapi Jumanne fulani miaka 5 nyuma? Hodi ya dukani ukinunua maziwa inakumbuka. Kwa walioko Kanada hesabu ni siku 1,095 za kuwemo nchini katika miaka 5, na fomu ya Marekani nayo inadai orodha ya safari. Huko pia hakuna muhuri wa kutokea.

Nisieleweke vibaya: hodi si ushahidi wa kumpelekea afisa. Mtu anaweza kupiga hodi ya uongo akiwa kitandani. Yenyewe inakuonyesha tarehe, kisha wewe unaifuata kwenye barua pepe za tiketi na taarifa za benki. Hizo ndizo za kuambatisha.

Upande wa mchezo upo pia. Unapata sarafu kwa kila hodi, zaidi ukifika mahali papya, na kuna cheo cha Meya: aliyepiga hodi siku nyingi kuliko wengine mahali hapo ndani ya siku 30 zilizopita. Hodi moja tu kwa siku ndiyo inayohesabiwa, kwa hiyo usijichoshe. Inafurahisha kumpindua mtu umeya wa duka la kahawa. Lakini jina na picha ya Meya huonekana hata na asiyekujua, basi usigombee shule ya mtoto wala kituo cha basi cha mtaani kwako. Na nyumbani kwako usipige hodi kabisa. Mwaka 2010 vijana fulani wa Uholanzi walifungua tovuti waliyoiita Please Rob Me, yaani tafadhali niibie, iliyokusanya hodi ambazo watu wenyewe walikuwa wamezitangaza Twitter, ili waone walivyokuwa wakimtangazia kila mtu kwamba nyumba haina mwenyewe. Sisi tunaokwenda nyumbani wiki nne mfululizo tuna sababu ya kulisikia hilo. Hodi za likizo ziwe na kufuli; habari zake zitangaze ukisharudi.

Mambo ya ndugu, nadhani sihitaji kueleza sana. Hodi ya mgahawa wa nyama choma Jumamosi husomwa Mbagala Jumapili, na Jumatatu ada ya shule inakuja na maelezo. Vivyo hivyo ukiomba ruhusa ya kuumwa halafu ukapiga hodi Emirates, uwanja wa Arsenal. Wenzetu wa Ghuba waongeze jambo moja: Swarm hukualika kuweka picha kwenye hodi, na huko Imarati kumpiga mtu picha bila ridhaa yake kunaweza kuwa kosa la jinai. Piga picha sahani, acha meza ya jirani.

Kama unachotaka ni mtu ajue umefika salama ukitoka zamu ya usiku, Swarm si chombo chake. Tumia WhatsApp, ile ya kumtumia mtu mmoja mahali ulipo mubashara, kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Inazimika yenyewe.

Ukikosa jina la mahali kwenye orodha, unaweza kuliongeza. Nimeongeza duka la Msomali anayeuza mihogo, na ukumbi tunaokodi kwa maulidi. Andika jina kama linavyosomeka mlangoni, siyo "kwa Abdi", maana Abdi ni wengi.

Mara mbili kwa mwaka omba nakala ya data zako kwenye mipangilio uihifadhi nje ya simu. Programu hizi hufa, umeshaona Dodgeball, na jedwali la uraia haliulizi ni nani aliyefunga. Mimi hufanya Januari na Julai, siku ile ile ninayokagua tarehe ya kuisha pasipoti.