Mzio wa karanga na korosho: kuutambua, kuupima na kukabiliana nao

Nimehudumu kliniki ya mzio muda wa kutosha kujua kwamba wengi hukosea mahali pamoja: sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali. Nitafika huko.

1. Jua ni ipi hasa inayokudhuru. Karanga ni jamii ya maharage. Korosho, lozi na pistachio hutokana na miti. Anayedhurika na karanga huenda akala lozi bila shida, ila asijaribu mwenyewe nyumbani. Korosho na pistachio ni ndugu wa karibu, kwa hiyo mwenye mzio wa moja mara nyingi huikwepa na nyingine. Andika ulichokula, kiasi chake, na dalili zilianza baada ya dakika ngapi. Kwa kawaida ni dakika chache, mara nyingi kabla ya saa 2 kupita.

2. Pima. Tone la kiziduo (majimaji yaliyotolewa kwenye chakula kinachoshukiwa) huwekwa mkononi, ngozi hudungwa kidogo, kisha tunasubiri dakika 15 hadi 20. Vidonge vya mzio visimamishwe siku kadhaa kabla kwa ushauri wa daktari, la sivyo kipimo kitadanganya. Tena, ngozi kuvimba peke yake si ugonjwa. Nimekutana na watoto walionyimwa vyakula vitano kwa sababu ya karatasi ya majibu ya kipimo tu, ilhali walikuwa wakivila siku zote.

3. Soma lebo kila unaponunua, hata bidhaa uliyoizoea, maana viungo hubadilishwa kimyakimya. Kukaanga hakuondoi mzio. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji. Kitakasa mikono hakiondoi protini ya karanga.

4. Sindano ya adrenalini kwanza. Sauti ikikwaruza, ulimi ukivimba, kifua kikipiga filimbi, mtu akizirai, au vipele vikiambatana na kutapika mfululizo, usianze kutafuta vidonge. Vidonge hupunguza mwasho. Havifungui njia ya hewa wala havipandishi shinikizo la damu lililoshuka. Choma katikati ya paja, upande wa nje, hata juu ya nguo. Sindano za kujidunga kwa kawaida huwa na miligramu 0.3 kwa mtu mzima na 0.15 kwa mtoto wa kilo 15 hadi 30.

Mlaze, miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida akae, miguu ikiwa imenyooshwa. Asisimame wala kutembea, hata akisema amepata nafuu: wengine huanguka hapo hapo. Piga simu ya dharura. Dakika 5 zikipita bila nafuu, choma ya pili. Hospitali aende hata akipona, kwani dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

5. Beba sindano mbili, na wafundishe unaoishi nao. Ya zamani iliyopitwa na muda, jizoezeni nayo kwa kuichoma kwenye chungwa. Mlio wake humshtua kila mtu mara ya kwanza, na ni heri mshtuke mezani.