Jinsi ya Kukokotoa Siku za Safari ya Mirihi kwa Kalamu na Karatasi

Mwaka 1925, zaidi ya miaka 30 kabla ya binadamu wa kwanza kufika angani, mhandisi Mjerumani Walter Hohmann alichapisha hesabu za njia inayookoa mafuta kati ya sayari na sayari. Unaweza kuzirudia mwenyewe, na ninakusihi uzirudie, kwa sababu zinaonyesha jambo ambalo picha za roketi haziwezi kulionyesha.

Chora Jua katikati ya karatasi. Lizungushie duara la Dunia, ambalo nusu kipenyo chake tutakihesabu kuwa 1, kisha duara la Mirihi lenye nusu kipenyo cha 1.52. Njia ya Hohmann ni nusu ya duaradufu (duara lililorefushwa) inayogusa duara la Dunia upande mmoja wa Jua na duara la Mirihi upande wa pili. Jumlisha 1 na 1.52, gawanya kwa 2, upate 1.26, yaani wastani wa umbali wa njia hiyo kutoka Jua. Kwa kanuni ya tatu ya Kepler, inayounganisha umbali kutoka Jua na muda wa mzunguko, zidisha 1.26 × 1.26 × 1.26, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu: ni miaka 1.41 kwa mzunguko mzima, na nusu yake ni siku zipatazo 259. (Njia halisi ya Mirihi si duara kamili, hivyo haya ni makadirio, ila ni makadirio mazuri.)

Mirihi huzunguka Jua kwa siku 687, kwa hiyo katika siku 259 husogea nyuzi 136. Chombo husafiri nyuzi 180. Basi kiondoke Duniani wakati Mirihi iko mbele ya Dunia kwa nyuzi 44, hali inayojirudia kila baada ya siku 780 hivi.

Kurudi ndiko kugumu. Chombo kinapowasili, Dunia imekwisha kuitangulia Mirihi kwa nyuzi 75, ilhali safari ya kurudi huhitaji iwe nyuma kwa nyuzi 75. Dunia haiwezi kurudi nyuma, hivyo lazima iitangulie Mirihi kwa nyuzi 210 zaidi hadi iifikie tena kutoka nyuma; kwa kuwa huipita Mirihi kwa nyuzi 0.46 kila siku, wasafiri watangoja siku 455 hivi, na safari nzima itachukua siku 973. Mhandisi wa roketi Wernher von Braun, katika mpango wake wa safari ya Mirihi uliochapishwa mwaka 1952 wenye vyombo 10 na watu 70, naye aliweka siku 260 za kwenda na zaidi ya 400 za kungoja.

Hatua ya mwisho ni kuzidisha siku hizo kwa idadi ya wasafiri: watu 70 kwa siku 973 wanahitaji posho 68,110 za siku moja za chakula, maji na hewa, na uzito wa posho hizo ndio utakaokuambia roketi iwe kubwa kiasi gani.