Indonesia kwa vinywa vya wenyewe: hatua ninazozifuata

Kila wiki huandaa dakika kumi na tano za habari za Asia kwa Kiswahili, kwa ajili ya redio moja ya jamii. Zamani nilikuwa nikichukua kilichoandikwa Kiingereza na mashirika makubwa ya habari, nakifupisha, nakisoma hewani. Nikaanza kujifunza Kiindonesia kidogo kidogo, na siku moja nikakutana na kichwa cha habari kilichosema wanafunzi wawili "diamankan" na polisi. Nikaona "aman" katikati ya neno, nikaijua: ni amani yetu hiyo. Nikatangaza kwamba polisi wamewanusuru wanafunzi wawili katika vurugu.

Jioni yake msikilizaji mmoja, mzee aliyewahi kusoma Yogyakarta, Indonesia, alinipigia simu. "Mwanangu," akasema, "hao hawakunusuriwa. Hao wamekamatwa."

Ndivyo magazeti ya kule yanavyoandika hadi leo: anayetiwa mbaroni anaambiwa "amewekwa katika amani". Kosa lile lilinifundisha kazi. Tangu hapo, kabla sijauliza nini kimetokea, huuliza nani kachagua neno hili na nani angelikataa. Hatua ninazoziandika hapa zote zimetoka katika swali hilo. Nimezielekeza Indonesia kwa sababu ndiyo ninayoijua, na kwa sababu msomaji wa Kiswahili anaingia kule akiwa na ufunguo ambao wengi hawana.

Hatua ya 1: Shika jambo moja

Usijaribu kuielewa Indonesia nzima. Ni visiwa zaidi ya 17,000, lugha zaidi ya 700, watu zaidi ya milioni 280. Shika tukio moja ulifuatilie mpaka mwisho.

Hapa tushike la Agosti 2025. Ilijulikana kwamba kila mmoja wa wabunge 580 wa DPR, Bunge la Jakarta, analipwa posho ya nyumba ya rupia milioni 50 kwa mwezi, zaidi ya mara tisa ya kima cha chini cha mshahara wa jiji hilo. Maandamano yakaanza tarehe 25. Usiku wa tarehe 28, gari la deraya la polisi lilimkanyaga na kumuua kijana wa miaka 21, dereva wa pikipiki za abiria. Moto ukaenea miji mingi. Kufikia mwanzoni mwa Septemba Bunge lilikuwa limeifuta posho ile.

Mkenya anayesoma haya atakumbuka Nairobi ya Juni 2024, na Mtanzania atakumbuka mabishano yetu wenyewe kuhusu posho za wabunge. Kumbukumbu hiyo inasaidia kupata hamu ya kuendelea kusoma. Ikishakupa hamu iweke kando, maana ukiendelea kuisikiliza utaishia kujisikia mwenyewe.

Hatua ya 2: Fungua daftari la maneno

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na ndipo penye raha.

Nunua daftari la kawaida (neno hilo hata wao wanalo, "daftar", ingawa kwao maana yake ni orodha) na uligawe kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ni wa ndugu: maneno ambayo sisi na wao tuliyapokea kutoka Kiarabu. Anza na Pancasila, misingi mitano ya taifa iliyotungwa mwaka 1945. Msingi wa pili unataka utu ulio "adil" na "beradab". Unaona uadilifu na adabu. Wa nne umejaa "hikmat", "musyawarah" na "wakil": hekima, mashauriano, uwakilishi. Wa tano unasema "keadilan sosial bagi seluruh rakyat Indonesia", haki ya kijamii kwa watu wote wa Indonesia. Waandamanaji wanapoinua bango lenye "keadilan", wanaidai serikali ahadi iliyoandikwa na serikali yenyewe. Hilo halionekani ukisoma tafsiri ya Kiingereza tu.

Ukurasa wa pili ni wa ndugu wanaodanganya, na uwe mwangalifu nao. "Siasat" kwao ni hila au mbinu. Siasa yetu wao huiita "politik". "Wakil presiden" ni makamu wa rais, lakini "wakil rakyat" ni mbunge. "Hukum" ni sheria, na "hukuman" ni adhabu. "Fitnah" ni kumsingizia mtu jambo la uongo, imepungua kidogo kuliko fitina yetu. "Rakyat" inatoka shina moja na raia, ila raia wa kwenye pasipoti wao humwita "warga negara". Rakyat ni wananchi kwa maana ya walio chini wakiwatazama walio juu, na mara nyingine inakaribia kabisa walalahoi wetu.

Ukurasa wa tatu ni wa maneno ya dola. Hapa andika "diamankan". Andika "aparat", vyombo vya dola. Andika "penyesuaian harga", marekebisho ya bei, ambayo tangu enzi za Soeharto, rais wa kiimla aliyeanguka 1998, humaanisha bei imepanda. Kisha andika "oknum" na uizungushie duara. Askari akimpiga mtu, msemaji husema ni "oknum polisi", yaani mtu mmoja mbaya ndani ya jeshi zuri. Sisi tungesikia "askari wachache wasio waadilifu". Neno hilo hubeba hoja nzima: kwamba kosa ni la mtu, halihusu mfumo. Baada ya kifo cha yule dereva nililikuta neno hili likipingwa waziwazi katika maoni ya watu wa kawaida, kwamba gari la deraya halina oknum, lina amri. Ukifika mahali wenyeji wanagombania neno, simama hapo. Hapo ndipo siasa ilipo.

Kamusi Kuu ya Kiindonesia, KBBI, iko mtandaoni bure. Programu ya kutafsiri itumie, lakini weka maandishi ya asili kando yake muda wote na uyatazame kila sentensi inapokushangaza.

Hatua ya 3: Jua nani anaongea na nani

Gazeti la Kompas lipo tangu 1965, lina sauti ya upole, na yanayosemwa pale yanasemwa kwa tahadhari. Jarida la Tempo lilianza 1971, likafungiwa na Soeharto mwaka 1994, likarudi 1998 alipoanguka. Machi 2025 ofisi yake ililetewa boksi lenye kichwa cha nguruwe kilichokatwa masikio, likiwa na jina la mwandishi wake mwanamke anayeripoti siasa. Ukisoma Tempo kumbuka wanaandika wakiwa na habari hiyo kichwani. Project Multatuli, iliyoanzishwa 2021, huandika taratibu kuhusu wale ambao vyombo vikubwa huwapita: wafanyakazi wa ndani, wavuvi, watu wa vijijini waliochukuliwa ardhi.

Wapo pia waandishi wa "amplop". Neno maana yake ni bahasha, na sina haja ya kumweleza mwandishi yeyote wa Dar es Salaam bahasha ni nini. Wapo wapiga debe wa mtandaoni wanaolipwa kusifu au kutukana. Utawajua kwa kuwa akaunti kumi husema sentensi moja saa moja.

Sikiliza jinsi watu wanavyoitana. "Pak" ni baba, "Bu" ni mama, "Mas" ni kaka kwa Wajava, "Bang" ni kaka kwa watu wa Jakarta. Dereva wa pikipiki zinazoitwa kwa simu ni "abang ojol". Kabla ya kifo chake yule kijana alikuwa mmoja wa madereva wengi wanaovaa koti la kijani barabarani. Baada yake nchi nzima ikawa inamwita kaka au mdogo wetu. Mtu akikosana na kiongozi ukamwona ameacha kumwita Pak na kutaja jina tupu, ujue amevuka mstari.

Hatua ya 4: Toka Jakarta

Kama ningeishia Jakarta ningekosa chanzo. Wiki mbili kabla ya Bunge kuzingirwa, wilaya ya Pati, Java ya Kati, ilikuwa imeshawaka. Bupati wake, sawa na mkuu wa wilaya kwetu ila yeye huchaguliwa kwa kura, alipandisha kodi ya ardhi na majengo hadi asilimia 250. Watu walipotishia kuandamana aliwajibu wasije 5,000 tu, waje hata 50,000. Wananchi wakaanza kuleta maboksi ya maji ya kunywa kuwachangia waandamanaji, wakayapanga kando ya barabara mbele ya ofisi yake. Kodi ikafutwa, na bado tarehe 13 Agosti walijaa, sasa wakitaka aondoke mwenyewe. Maboksi yale ya maji yalinieleza hasira ya Java kuliko uchambuzi wowote wa uchumi niliousoma mwezi ule, kwa sababu mtu anayekodi shamba hanunui boksi la maji kwa mchezo.

Makassar, kisiwani Sulawesi, jengo la baraza la jiji liliteketezwa na watu wakafia ndani. Lisome tukio hilo kwa wenyeji wa Makassar.

Papua, eneo la mashariki kabisa ya nchi, ndiyo itakayokupima. Soma Jubi, linaloandikwa Jayapura, kisha soma habari ileile katika chombo cha Jakarta. Jakarta itaandika KKB, "kundi la wahalifu wenye silaha". Watu hao wenyewe hujiita TPNPB, jeshi la ukombozi. Ukiandika Kiswahili itakubidi uchague neno, na hakuna neno lisilo na upande. Mimi hutaja majina yote mawili na kusema nani analitumia lipi. Ni sentensi ndefu, inakula sekunde za redio, na sijawahi kuijutia.

Hatua ya 5: Tazama vitu, siyo maneno tu

Siku ile tarehe 28 mama mmoja mwenye hijabu ya waridi alisimama mbele ya ngao za polisi akiwa na mti wa bendera mkononi. Siku chache baadaye picha za wasifu za watu wengi mno mtandaoni zilikuwa za rangi mbili: waridi ya yule mama na kijani cha koti la yule dereva. Madai yakaandikwa kwa tarakimu, 17+8: kumi na saba ya haraka, manane ya mwaka mmoja. Ukiona namba hiyo tafakari: uhuru ulitangazwa tarehe 17 mwezi wa 8, mwaka 1945.

Hatua ya 6: Msomee mwenyeji kabla hujachapisha

Mtafute Mwindonesia mmoja, mwanafunzi au mfanyabiashara, umsomee ulichoandika kwa lugha mnayoelewana. Usimuulize kama ni kizuri. Muulize ni neno gani asingelitumia yeye. Yule mzee wa Yogyakarta bado ananifanyia kazi hii, na wiki nyingi hunirudishia neno moja au mawili.

Hatua ya 7: Nenda nao Alhamisi

Tukio la wiki hii lina mizizi, na Indonesia ina watu wanaoilinda mizizi hiyo hadharani. Tarehe 13 Novemba 1998, miezi sita baada ya Soeharto kujiuzulu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Atma Jaya aliyeitwa Wawan alipigwa risasi Semanggi, Jakarta, akiwa miongoni mwa waliokuwa wakihudumia majeruhi. Mama yake, Maria Catarina Sumarsih, pamoja na familia nyingine, walianza tarehe 18 Januari 2007 kusimama kila Alhamisi mbele ya Ikulu wakiwa na nguo nyeusi na miavuli myeusi. Wameshasimama zaidi ya mara 800. Huiita Kamisan, kutoka Kamis, ambayo ni Alhamisi yetu kabisa. Kila wiki humwandikia rais barua.

Marais wamebadilika, wao wapo. Prabowo Subianto, aliyeapishwa Oktoba 2024, aliondolewa jeshini mwaka 1998 kwa sababu ya kutekwa kwa wanaharakati, na 13 kati ya waliotoweka hawajaonekana mpaka leo. Tarehe 10 Novemba 2025 serikali yake ilimtangaza Soeharto kuwa shujaa wa taifa. Siku hiyohiyo ikamtangaza Marsinah, mfanyakazi wa kiwanda aliyeuawa mwaka 1993 chini ya utawala wa Soeharto huyohuyo. Huwezi kulielewa tangazo hilo kwa kusoma hotuba. Lazima uone mwavuli mweusi ulisema nini Alhamisi iliyofuata.

Kwa hiyo anza hivi. Kamisan husimama saa kumi jioni, saa za Jakarta, ambayo ni saa sita mchana kwetu Afrika Mashariki. Alhamisi ijayo, adhuhuri, tafuta neno "Kamisan" mtandaoni, chagua picha moja yenye bango, na unakili bango hilo kwa mkono neno kwa neno. Maneno unayoyatambua yaandike ukurasa wa kwanza. Yanayokutia shaka yaandike wa pili. Na ukikuta neno lililofungiwa alama za nukuu, au lililokatwa mstari, liweke ukurasa wa tatu na uanze kumtafuta aliyelisema kwanza.